Chama cha wakazi wa ziwa hufanya nini hasa? Mfano wa Naivasha kwa watu wa hori za Mombasa

Picha za nyumba za mtaa wa Kihoto, Naivasha, zikiwa zimezingirwa na maji, hutufikia Mombasa kila ziwa hilo linapopanda, na kila zinapofika swali lile lile huzuka kwenye mabaraza yetu ya kahawa: ikiwa ziwa lina chama cha wakazi kilichodumu karibu miaka mia moja, chama hicho kilikuwa wapi maji yalipoingia vyumbani mwa watu? Swali ni la haki, na anayeliuliza hastahili kubezwa. Lakini ndani yake mna imani kadhaa ambazo si sahihi: kwamba chama hulimiliki ziwa, kwamba kina mamlaka ya kuamuru, na kwamba kikifanya kazi yake vizuri maji hayatatoka mahali pake. Inafaa tuzichambue imani hizi kwa sababu nasi pia tunaishi kando ya maji ya pamoja, katika hori ya Tudor na ile ya Port Reitz, yaani mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, na mkazi atakayeingia katika chama akiwa nazo atakata tamaa kabla ya mkutano wa pili.

Chama cha wakazi wa ziwa ni muungano wa hiari wa watu wanaoishi au wanaojipatia riziki kando ya ziwa fulani, wenye katiba yao, kamati waliyoichagua na ada wanayoilipa, walioungana ili maji yale yaendelee kuwafaa wote. Neno “ukingo” katika makala haya ni ule ukanda wa ardhi unaofunikwa maji yakipanda na kubaki wazi maji yakishuka. “Eneo la vyanzo” ni ardhi yote ambayo mvua yake hatimaye huteremkia ziwani, hata ikiwa mbali kiasi kwamba mwenyeji wake hajapata kuliona ziwa lenyewe. Ukingo na eneo la vyanzo ni vitu viwili tofauti. Chama huishi ukingoni, ilhali mambo mengi yanayoliharibu ziwa huanzia kwenye vyanzo.

Suala la umiliki halina utata mwingi. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 62, inaweka mito, maziwa na bahari ya nchi yetu katika fungu la ardhi ya umma, na inaongeza humo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Ardhi hiyo hushikiliwa na serikali ya kitaifa kama amana ya wananchi na husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Basi hakuna chama, kiwe cha matajiri au cha maskini, kinachoweza kusema ziwa ni lake, na hapa pwani hakuna mwenye hoteli wala mwenye kiwanja anayeweza kusema mchanga ulio mbele ya ukuta wake, pale bamvua, yaani maji kujaa sana, linapofika, ni wake.

Kama ziwa si la chama, chama kina kazi gani? Fikiria nyumba ya Kiswahili ya Majengo yenye vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake, na uani kuna tangi moja la maji. Mwenye nyumba haishi pale. Tangi si mali ya mpangaji yeyote, lakini asipopatikana wa kuangalia limebaki na maji kiasi gani, wa kukumbusha kwamba leo kuna mgonjwa chumba cha nne na kwa hiyo nguo zingoje kesho, na wa kumpigia simu mwenye nyumba bomba linapopasuka, wote sita watalala na kiu. Wapangaji wakikubaliana juu ya mambo hayo, wamekwisha kuunda chama ingawa hawajakiandikisha. Hawana nguvu ya kumfukuza mtu, wala hawawezi kuamuru maji ya mferejini yaje. Nguvu yao ni kujua hali ya tangi, kuwa na maafikiano yanayojulikana na kila mmoja, na kuzungumza na mwenye nyumba kwa sauti moja.

Naivasha ni mfano mzuri kwa sababu ziwa lenyewe halina nafasi ya kusamehe makosa. Liko katika Bonde la Ufa, takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni baridi, si ya chumvi, ingawa halina mto unaotoka. Maji hupenya na kuondoka chini ya ardhi, na hivyo chumvi haikusanyiki. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoingia huletwa na mto Malewa kutoka milima ya Nyandarua, na mengine huletwa na mito ya Gilgil na Karati. Ziwa si la kina kirefu, ndiyo maana likipungua kidogo tu maji hurudi nyuma mbali sana na likiongezeka kidogo hufunika mashamba. Kando yake kuna mashamba ya maua yanayouza Ulaya, hoteli, vijiji vya wavuvi, mitaa ya wafanyakazi kama Karagita na Kamere, na wafugaji wa Kimaasai ambao wamekuwa wakinywesha mifugo hapo tangu kabla ya hati yoyote ya shamba kuandikwa.

Chama cha wakazi wa ukingo wa Naivasha kilikuwapo tayari mwanzoni mwa miaka ya 1930, zama za ukoloni, na kilianza kama chama cha wenye mashamba. Shida yao ya kwanza ilikuwa ardhi: maji yaliposhuka, nani alime kwenye tope lililobaki wazi? Mwaka wa 1933 walifikia makubaliano na serikali ya wakati ule kwamba wenye mashamba ya ukingoni wangeweza kuutumia ukanda huo bila kujenga majengo ya kudumu juu yake. Sharti hilo la kutojenga lilikuwa la busara kubwa kuliko walivyojua walioliandika, na tutalirudia.

Miongo mingi baadaye, kilimo cha maua kilipopanuka na pampu zikaongezeka, chama kilibadilika. Kilianza kushughulikia ubora na wingi wa maji, na kilikuwa miongoni mwa waliosukuma ziwa liingizwe mwaka wa 1995 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mwaka wa 1999 chama hicho kilipewa tuzo ya mkataba huo kwa uhifadhi wa ardhioevu. Nadhani jambo la kujifunza zaidi kuliko tuzo ni kazi za kila siku, ambazo hazina picha za kuvutia. Kazi ya kwanza ni kupima. Kina cha ziwa husomwa kwenye vijiti vya vipimo na kuandikwa, na kumbukumbu za Naivasha za kina cha maji ni miongoni mwa zile ndefu zaidi katika maziwa ya Kenya. Bila kumbukumbu hiyo, kila mabadiliko ya ziwa huwa ni ugomvi wa kukumbuka, na mwenye sauti kubwa ndiye hushinda.

Umuhimu wa kupima ulionekana Februari 2010, samaki wengi walipoelea wakiwa wamekufa siku chache baada ya mvua kuvunja ukame mkali wa mwaka uliotangulia. Lawama zilielekezwa papo hapo kwa dawa za mashamba ya maua, na wanunuzi wa Ulaya wakaanza kuuliza maswali. Uchunguzi ulitaja upungufu wa oksijeni majini, jambo linaloweza kutokea ziwa likiwa limeshuka sana na mvua za kwanza zikasomba tope na uchafu kwa pamoja. Maelezo hayo hayayaondolei mashamba wajibu wao, kwa maana maji waliyovuta yalikuwa sehemu ya sababu ya ziwa kuwa chini. Lakini yanaonyesha kwamba dawa ya tatizo ilikuwa kwenye kina cha maji na kwenye udongo wa vilimani, mahali ambapo hasira za watu hazikuwa zimeelekea.

Kutokana na ukame huo uliwekwa mpango wa ugawaji wa maji unaoeleweka hata na asiyekuwa mtaalamu. Kina cha ziwa kiligawanywa katika kanda za rangi ya kijani, manjano na nyekundu. Ziwa likiwa katika kijani, wenye vibali huvuta maji kadiri ya kibali. Likishuka, kiasi kinachoruhusiwa hupunguzwa. Hapa lazima tutofautishe vyombo viwili ambavyo wengi huvichanganya. Chama cha wakazi ni cha hiari. Chama cha watumiaji wa rasilimali za maji, kinachojulikana kwa herufi WRUA, hutambuliwa na Sheria ya Maji, kwanza ile ya 2002 na sasa ya 2016, na hufanya kazi kwa ushirikiano na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Anayetoa kibali na anayeweza kukifuta ni Mamlaka. WRUA husaidia kujua nani anavuta maji wapi, na chama cha wakazi hushawishi, hushauri na hupeleka malalamiko. Mtu mmoja anaweza kuwa mwanachama wa vyote viwili, jambo linaloongeza utata, lakini mihuri yao ni tofauti.

Kazi ambayo kwangu ni ya maana kuliko zote ilifanyika mbali na ukingo. Wakulima wadogo wa juu kwenye bonde la Malewa walikuwa wakilima miteremko hadi ukingoni mwa mto, na kila masika udongo wao uliteremka hadi ziwani. Kuwashtaki kungekuwa kazi bure, na isiyo ya haki pia, kwa kuwa wao hawakufaidika na ziwa kwa lolote. Kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE ulianzishwa mpango ambao watumiaji wa maji wa chini, kupitia WRUA ya ziwa, huwalipa wakulima wa juu kwa hati za kununulia pembejeo, na wakulima nao hupanda vipande vya nyasi kukata mteremko, hupanda miti na huacha wazi kando za mto. Nyasi zile hulishwa ng’ombe, na kwa hiyo mkulima hufaidika mara mbili. Fedha zenyewe si nyingi, lakini zilibeba ujumbe ambao mkutano wa kulaumiana haungeweza kuubeba, kwamba wa chini wanautambua mzigo wa wa juu.

Sasa tuje kwenye kosa la Naivasha, ambalo kila anayefikiria kuunda chama anapaswa kulitazama kwa makini. Mpango wa usimamizi wa ziwa, uliotayarishwa kwa miaka mingi kwa uongozi wa chama, ulichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka wa 2004. Kwa maandishi ulikuwa mpango mzuri. Lakini wafugaji na wakazi wengine walikwenda mahakamani wakisema kwamba hawakushirikishwa, kwamba njia zao za kufikia maji zilikuwa zikifungwa na ua wa mashamba, na kwamba waliokabidhiwa usimamizi ni wale wale wenye ardhi; mahakama ikausimamisha utekelezaji. Kazi ya miaka ikabaki kwenye makabati kwa sababu ya swali moja ambalo halikujibiwa mapema: mkazi wa ziwa ni nani? Wakati hati ya shamba ndiyo inayomfanya mtu kuwa mkazi, mvuvi anayelala Karagita katika chumba cha kupanga si mkazi, wala mama anayenunua samaki kwake na kuwakaanga barabarani, wala kijana anayekata maua kwa ujira, ingawa hao ndio wengi na ndio wanaoyategemea maji kwa karibu zaidi.

Ziwa Victoria walilijibu swali hilo kwa namna nyingine. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, viliundwa vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo hapa Mombasa kila mtu anaviita BMU, na kanuni za mwaka wa 2007 zikavipa msingi wa kisheria kote nchini, maziwani na baharini. Miongozo iliyoafikiwa na nchi tatu za ziwa mwaka wa 2005 ilitaka kamati ya watu 9 hadi 15 ambayo asilimia 30 ni wenye vyombo, asilimia 30 ni wavuvi wanaofanya kazi katika vyombo hivyo, asilimia 10 ni wachuuzi wa samaki na asilimia 30 ni wengineo kama mafundi wa mashua na nyavu, na ndani ya kamati wawemo wanawake wasiopungua watatu. Binafsi ningetaka wachuuzi wapewe zaidi ya asilimia 10, nikiwakumbuka akina mama karanga wetu, wakaangaji wa samaki, wanaowangoja samaki dikoni, pale mashua zinapofikia, tangu alfajiri, lakini msingi ni sahihi: tajiri mwenye mashua na baharia wake huingia kamatini kwa mafungu sawa.

Na mafuriko je? Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda tangu takriban mwaka wa 2010, na ripoti ya serikali ya mwaka wa 2021 ilitaja ongezeko la mvua linalohusishwa na mabadiliko ya tabianchi kuwa sababu kuu, pamoja na uharibifu wa ardhi katika maeneo ya vyanzo. Baringo, Bogoria na Nakuru nayo yalipanda, na si yote yenye chama kama cha Naivasha. Hakuna chama kinachoweza kuzuia hali hiyo. Kinachoweza kufanywa ni kile kilichokuwamo katika makubaliano ya 1933, yaani kuhakikisha kwamba hakuna nyumba ya kudumu inayojengwa mahali ambapo ziwa liliwahi kufika. Kihoto ni mtaa uliojengwa karibu mno na ziwa, watu wakiamini kwamba maji yaliyokwenda hayatarudi, na wengine wakinunua viwanja kwa jasho lao la miaka. Lawama hapo zinawahusu waliogawa viwanja na walioidhinisha ujenzi kabla ya kukifikia chama, na kabisa haziwahusu waliouziwa.

Hori zetu hazina maji baridi na hazina wenye mashamba ya maua, lakini muundo wa tatizo unafanana sana. Hori ya Tudor hupokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu inayotoka upande wa Rabai na Mariakani, nje ya Kaunti ya Mombasa. Mvua za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998 zilipoporomosha udongo mwingi, mikoko ya Mwache, katika hori ya Port Reitz, ilikufa kwa sababu mizizi yake ya kupumulia ilifunikwa na tope. Mkazi wa Mikindani au Junda anayepanda mche wa mkoko kila mwaka anafanya jambo jema, lakini tope likiendelea kuja kutoka juu, atapanda tena mwaka ujao pale pale. Upande wa Makupa, tuta la barabara lililoziba mkondo wa maji kwa miongo mingi liliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na daraja lililofunguliwa mwaka wa 2022, na jaa la Kibarani lilikuwa limefungwa mwaka wa 2018. Mambo hayo mawili yaliisaidia hori kwa kiwango ambacho usafi wa Jumamosi usingeweza kufikia hata ukifanywa miaka ishirini, nayo yalihitaji serikali.

Kwa hiyo mkazi wa hori aelewe ni mlango upi wa kubisha kwa jambo lipi. Uvuvi na madiko ni kazi ya BMU pamoja na idara za uvuvi za kaunti na za kitaifa. Juya, ule wavu wa kukokota, kwa mfano, limepigwa marufuku tangu 2001, na BMU ndiyo inayomwona wa kwanza anayelitumia. Mikoko ni msitu wa umma ulio chini ya Shirika la Misitu la Kenya, na jamii hushiriki kupitia chama cha jamii cha misitu, CFA. Maji ya vyoo na viwanda yanayomwagwa ovyo ni suala la NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na la kaunti. Chama cha wakazi hakichukui kazi ya yeyote kati ya hao. Huwaweka pamoja mezani, na hubaki na kumbukumbu ya waliyoahidi.

Tena chama kisicho na uwezo wa kutoza faini hakikosi meno kabisa. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki ya mazingira safi inapovunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Wakazi wa Owino Uhuru hapa Mombasa, mtaa wa watu wa kipato cha chini, waliitumia haki ya mazingira dhidi ya sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, na baada ya safari ndefu ya rufaa Mahakama ya Juu ikaurejesha ushindi wao Desemba 2024. Waliyoyaweka mbele ya hakimu yalikuwa vipimo vya damu na vya udongo.

Kwa anayetaka kuanza, Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya mwaka wa 2022 inaruhusu watu kumi kujiandikisha. Kumi wa kwanza wachaguliwe kwa uangalifu: akiwamo mpangaji asiye na hati, mvuvi wa diko la karibu, mama karanga, mwalimu wa shule iliyo kando ya hori na mwenye nyumba, katiba ya chama itaandikwa ikiwa na shida za wote hao. Waweke mti wenye alama za vipimo mahali penye maji, wausome kila bamvua, wayaandike waliyoyaona kwenye daftari moja pamoja na rangi ya maji na harufu yake, na katika mwaka wa kwanza wapande gari hadi Rabai kukaa na wakulima wa kando ya Kombeni, wakiwa na daftari hilo mkononi.